Moshi Wangu Katika Matete ya Rusizi

Msinionee huruma. Nilikosa, tena nilikosa kwa kiburi, kiburi cha kijinga kabisa!

Mimi ni fundi magari wa mtaa wa Buyenzi. Miaka ile ya vita, shemeji zangu wa Kinanira, mtaa wa wenye pesa, waliniona mtu wa grisi tu. Basi nikanunua hema kuukuu Gatumba, nikawaalika Jumapili mbugani, pale mto Rusizi unapoingia ziwani, tukaangalie viboko. Nchi inaungua, bwana mkubwa anakwenda pikiniki!

Langoni tulimkuta mlinzi, mzee aliyekimbia kutoka Uvira. Akatuonyesha mchanga karibu na kibanda chake, mahali wanapopikia wageni wote.

"Apana washa moto mu matete, mutoto wangu," akasema. "Moshi ikitoka mule, wenye bunduki ya kule barabarani watazani ni adui anapika. Watapiga."

Shemeji mkubwa akacheka. "Kumbe fundi anaombaka ruhusa?"

Hapo akili ikaniruka. "We muchunga viboko, utanifundisha nini mi mutoto wa Buyenzi?"

Nikapita. Nikasimamisha hema katikati ya matete, nikapanga mishikaki. Makaa yalipokataa kushika, nikaongeza majani mabichi. Fundi huyo! Moshi ukapanda mweupe, mrefu, nami nimesimama kifua mbele, napepea!

Mzee alikuja mbio amenyanyua koti lake juu, akipaza sauti kuelekea barabarani: "Ni wageni! Ni wageni yangu!"

Risasi ikampata gotini. Sisi tulikuwa tumelala kifudifudi, shemeji mkubwa akimwita mama yake, mimi nimejikojolea suruali mpya. Hakuna mwingine aliyeguswa.

Mguu ulikatwa. Shemeji zangu hawajakanyaga kwangu tena, na wasije! Hema nimelikata, likawa kivuli cha meza ya mzee sokoni. Anauza sabuni na viberiti. Ndiyo, viberiti! Kila nikinunua ananishika mkono, "Uwashe pazuri, mutoto wangu." Jamani, bora angenitukana!

Nanyi mnaopenda kujikweza mbele ya wakwe, mlinzi akisema "apana", kaeni palepale, wacheni wawacheke. Mimi niliona haya dakika moja ya kumsikiliza mzee mbele ya shemeji. Sasa naona haya kila asubuhi ninapowasha moto wa chai.