Ruhusa ya Tanuri la Sabina

Nilitumwa Mikumi kwa sababu ya tanuri la mkaa la dada yangu Sabina. Alikuwa ameshaliwasha, huku kwetu Chanzuru, ndipo likaja tangazo la kuzuia mkaa. Tanuri halizimiki kwa tangazo. Mwenye nalo hulala palepale akiziba kila ufa kwa udongo. Akiondoka, hewa inaingia na magogo yote yanageuka majivu. Mkaa ule ndio ungemnunulia bati za nyumba yake kabla ya mvua. Mimi nimeishia darasa la saba, ila wenzangu walisema naweza kumkabili mheshimiwa mkuu wa wilaya na kumwomba ruhusa bila kutetemeka. Sijui hilo waliliona wapi.

Asubuhi, Kilosa mjini, nilidandia lori la mahindi. Tangu soko huria lije, malori hayakosekani. Karibu na Mikumi nyaya kubwa za umeme zilipita juu ya vibanda vyenye vibatari ndani.

Mchana, Mikumi. Ukumbini, kwenye mkutano wake, feni zilikuwa zimesimama kwa sababu ya mgao wa umeme. Mheshimiwa alisema miti ikiisha milimani, maji yatakauka, bwawa la umeme litakauka, na viwanda vitalala. Kwa hilo alisema kweli. Mto wetu siku hizi tunauvuka bila kukunja suruali.

"Na huo umeme sisi tutauona lini?" mtu aliuliza.

"Wawekezaji wanakuja. Vuteni subira."

"Wakija tuwapikie kwa moto gani?" alidakia mama mmoja, watu wakacheka. Mheshimiwa naye alicheka.

Uani, mpishi Mama Rehema alinipakulia. "Kula, shemeji. Pilau la mkutano limeivia kwenye mkaa, lakini usimwambie mwenye mkutano."

Nilikula, kisha nikamfuata mheshimiwa mlangoni. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Sema haraka."

Nilieleza huku jasho linanitoka. Nitasema haki: alinisikiliza. Akaamua matanuri yaliyokwisha kuwashwa yamalizike, mapya yasiwashwe, akamwagiza bwana miti anirudishe kwa gari na kuwatangazia watu.

Jioni, njiani, nilikaa kiti cha mbele cha Landrova ya idara ya misitu, nikajiona mtu.

Tulipoingia Chanzuru hapakuwa na mtu. Waliposikia ngurumo ya gari lile, wote walikimbilia mashambani. Tanurini tulikuta koleo la Sabina limetupwa, ufa umefunguka, na moto unaonekana.

"Sabina! Ni mimi! Ruhusa imetoka!"

Bwana miti naye akaita, na sauti yake nadhani ndiyo ilimsukuma mbali zaidi. Tulichota udongo wote wawili, yeye amekunja mikono ya shati lake la kazi. Upande mmoja tukiuziba, mwingine unabomoka.

Alfajiri Sabina alitoka kwenye mahindi. Lilibaki rundo la majivu. Hakulia.

"Kaka, ulishindwa kushuka barabarani ukatembea?"

"Nilitaka habari ifike upesi."

"Imefika."

Nimelifikiria sana. Mheshimiwa hakukosea kuhusu maji. Bwana miti aliungua kiganja. Labda hata ningetembea ningechelewa, sijui. Lakini ile miti haikurudi msituni, na jikoni kwa Mama Rehema haikufika. Nilichojifunza ni kwamba kwetu watu hawangoji kusikia gari la serikali limeleta nini, na mimi mzaliwa wa hapa nililisahau kwa kukalia kiti kizuri.

Mvua zimeanza. Sabina anahamisha sufuria chini ya matundu ya paa lake la nyasi. Ruhusa yake bado ipo, hakuna aliyeifuta.