Magurudumu ya Mzee Shakuru

Mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua Mzee Shakuru kwa masikio yake na kwa ukaidi wake. Masikio, kwa sababu gari lilikuwa halijakata kona ya avenue ya kumi na mbili, yeye amekwisha kukuambia nani analiendesha na linaumwa wapi. Ukaidi, kwa sababu katika miaka ile ya vita, watu walipokuwa wakiuza hata milango ya nyumba zao, yeye aling'ang'ania gari moja la rangi ya maziwa, Peugeot 404 ya mwaka 1963, lililokaa uani juu ya magogo bila gurudumu hata moja.

Binti yake Sijaona alishona viti vya magari katika kibanda cha mbele ya nyumba hiyohiyo. Kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani aliliona gari lile, na kila alipoliona alisonya.

Zamani magari yalikuwa manne. Shakuru alijifunza ufundi kwa Mgiriki mmoja mjini, na kila Mzungu aliyefunga mizigo kurudi kwao akiacha gari kuukuu, Shakuru alikuwa wa kwanza kubisha hodi. Aliyasugua mpaka yakang'aa, na kila Ijumaa baada ya swala aliyatoa moja baada ya jingine, yakazunguka mtaa watoto wakiyakimbilia nyuma. Gari lisilotoka getini, kwake halikuwa gari. Vita vilipoanza, Volkswagen ilichomwa moto. Opel ilichukuliwa na watu wenye bunduki, wakaahidi kuirudisha jioni, na jioni yao haijafika mpaka leo. Citroën iliuzwa ili nyumba ipate kula. Ikabaki 404.

Ndipo mwaka 1994 mzee alipofanya jambo ambalo Sijaona aliliona la kichaa. Aliyafungua magurudumu yote manne, akawaita watu wanne aliowaamini, kila mmoja akampa lake akalitunze kwake. Moja lilikwenda kwa Mwantum, jirani wa ukuta kwa ukuta. La pili kwa Anselme, karani wa serikali aliyekaa Gihosha. La tatu kwa Xavier, dereva wa lori wa Kinama. La nne kwa Jovithe, mkulima wa nyanya wa Carama.

"Gari yenye haina roue ni nyumba," alisema mzee. "Mwizi gani iko anaiba nyumba?"

Na hayakuwa magurudumu ya kubahatisha. Ya 404 hufungwa kwa nati tatu tu. Ya Kijapani hayaingii, hata uyabembeleze vipi.

Sijaona yeye alikuwa wa kizazi cha Corolla. Kwake gari ni kufika. Likishafika, basi, kazi yake imekwisha. Kama angepata fedha angenunua moja la kutoka Dubai, aendeshe mpaka lichoke, anunue jingine. Binti yake Hayat naye alikuwa na mambo yake. Huyo alikusanya alama za magari tu: simba, nyota, herufi za chuma, alizozing'oa kwenye mabati ya magari yaliyoungua. Ya kwanza kabisa aliing'oa kwenye pua ya 404 ya babu yake, akapigwa kofi, akakataa kuirudisha. Zote alizitia katika kifuko cha kitambaa kilichoning'inia karibu na mlango.

"Sasa vyuma hivyo ni gari?" mama yake alimcheka siku moja.

"Babu anakusanya yenye itabaki nyumbani," Hayat akajibu. "Mi nakusanya yenye naweza kukimbia nayo."

Sijaona hakucheka tena siku hiyo. Mtoto alikuwa na miaka saba vita vilipoanza, na alikwisha kukimbia mara tano.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Sijaona hakumwambia mtu. Mwaka 1997, nchi ikiwa imefungiwa mipaka na maduka ya dawa hayana kitu, Hayat aliugua homa ya uti wa mgongo. Mzee Shakuru alihamia hospitali, akawa analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mjukuu wake, huku Sijaona akizunguka mji kutafuta sindano. Aliyekuwa nazo ni Sylvère, mchuuzi aliyeleta bidhaa kwa njia za panya kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na Sylvère alikuwa na shida yake: pikapu yake, nayo 404, injini ilikuwa imekufa. Sijaona hakufikiri mara mbili. Mchana mmoja watu wa Sylvère walikuja na mnyororo, wakaing'oa injini ya mzee, wakaondoka nayo. Yeye akafunga boneti, akaifuta alama za mikono, akakimbilia hospitali na dawa.

Hayat akapona. Mzee akarudi nyumbani, na macho yake, ambayo tayari yalikuwa na ukungu, yakaendelea kufifia mpaka yakafunga kabisa. Hakuwahi tena kuomba boneti ifunguliwe. Alishinda kwenye kigoda chake getini, na asubuhi pikapu ya Sylvère ilipopita kwenda sokoni aliinua mkono, kwa adabu, kama mzee anavyomsalimu mpita njia. Sijaona alimshukuru Mungu kwa upofu ule, kisha akatubu kwa kushukuru jambo la namna hiyo.

Mwaka 2004 risasi zikawa zimepungua mjini, na watu wakaanza kurudi kutoka kambi za Tanzania. Asubuhi moja mzee akamwita.

"Sijaona, andika barua ya redio. Sema hivi: Shakuru wa Buyenzi anaomba wale wanne wenye iko na magurudumu yake wayarudishe. Anataka gari yake ishuke chini."

Sijaona alishika kalamu asianze. Gari likishuka kutoka kwenye magogo, pua isiyo na injini ingepanda juu, na mzee angeweka mkono kwenye bawa la mbele, juu ya gurudumu, na kujua papo hapo. Hata hivyo aliandika, akaipeleka redioni mwenyewe, akilipa huku moyo wake umetulia. Miaka kumi! Kinama ilikuwa imebomolewa, Carama watu walikuwa wametawanyika. Nani aliyekimbia na watoto mgongoni angekumbuka gurudumu la mtu?

Tangazo lilisomwa saa saba mchana. Saa nane Mwantum alikuwa mlangoni, akilisukuma lake kwa mguu.

"Mama Hayat, miaka kumi nimekaa juu yake nikikaanga mandazi," alilalamika. "Sasa munitafutie kigoda."

Sijaona alijipa moyo: huyo ni jirani, hakwenda mbali. Siku ya tatu ikasimama teksi, akashuka Anselme na tai yake shingoni, amelikumbatia gurudumu lililofungwa katika shuka jeupe. Alikuwa amehama nyumba mara tatu, kila mara kwa mbio, na kila mara mkewe aliuliza kwa nini chuma kile kinapakiwa kabla ya kabati lao. Mzee alilipapasa, akampapasa na Anselme mabega, akamuuliza majina ya watoto wake wote. Sijaona alisimama pembeni akihesabu: mawili tayari.

Baada ya wiki mbili akaja mwanamke mwembamba aliyetoka Kinama kwa miguu, na gurudumu kichwani. Aliitwa Amélie, mjane wa Xavier. Walipokimbia mwaka 1995, Xavier alilifukia chini ya sakafu ya jiko. Alifia kambini, na kabla ya kufa alimwonyesha mkewe kwa kuchora mchangani mahali pa kuchimba. Amélie aliporudi hakukuta paa, hakukuta dirisha wala mlango, lakini sakafu ya jiko ilikuwepo.

"Alisema ni amana ya Mzee," Amélie alieleza, kama anayetoa taarifa ndogo tu. "Nikachimba."

Mpira ulikuwa umeoza. Lakini Sijaona alipoigusa rimu, vidole vyake vilitoka na grisi. Xavier, usiku wa kukimbia, risasi zikilia, alikumbuka kuipaka grisi isishike kutu. Sijaona alivitazama vile vidole vyenye mafuta. Hakuwa ameona jambo kubwa kama hilo maishani mwake, na alikuwa amekulia katika mji uliomwonyesha mengi. Mwanamke huyu alikuwa amepoteza nyumba na mume, akalilinda gurudumu. Yeye Sijaona, mwenye paa lake, hakuilinda injini iliyokuwa hatua kumi kutoka kwenye cherehani yake. Najua, mtoto alikuwa anakufa; hata wewe ungeitoa. Lakini miaka saba ya kunyamaza, hiyo hakuwa na mtoto mgonjwa wa kumsingizia.

Magurudumu matatu yakafungwa, gari likiwa bado juu ya magogo. Kila siku Sijaona alidhamiria kusema, na kila siku ulimi ulimgeuka akaanza habari ya chumvi au ya mkaa. Mzee alimngoja Jovithe.

Jovithe alifika wiki ya tano. Alisimama getini, kofia mikononi, na zaidi ya kofia hakuwa na kitu. Sijaona alihisi raha ikimpanda kama maji ya baridi: gari halitashuka! Aibu ilifuata nyuma yake mara moja.

"Mzee," Jovithe alisema. "Nimekuja mikono mitupu. Nyumba iliungua na roue yako ndani. Tangu nisikie redio niko naogopa kuja."

Mzee Shakuru alinyoosha mikono, akaupata uso wa Jovithe, akaupapasa mashavu na masikio. Kisha akacheka mpaka kofia yake ikaanguka.

"Jovithe! We uko muzima! Miaka kumi nauliza, kila mutu ananiambia umekufa!"

"Lakini gari haitatembea, Mzee. Sababu yangu."

"Gari gani? Moteri yake inapita hapa kila asubuhi ndani ya pikapu ya Sylvère. Tangu mwaka ule Hayat alikuwa mugonjwa. Niliifunga na mikono yangu hii, nitakosa kuijua? Soupape ya tatu, vali yake, inagonga kidogo, Sylvère hajui kuirekebisha."

Kibandani, sindano ya kushonea ilimponyoka Sijaona.

"Sasa hizi roue ulikuwa unaziitia nini?" Jovithe aliuliza.

"Kama ningesema kwa redio, 'Njooni nijue kama muko wazima,' nani angekuja? Mutu anaogopa, anaona haya, anasema nitaenda kesho. Lakini mwenye amana ya mwenzake, huyo atakuja."

Sijaona alivuka ua, akapiga magoti mbele ya baba yake. Alilia bila kujificha.

"Baba, ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Na we, kwa nini hukusema? Miaka saba nakungoja." Sauti ya mzee ilikuwa na ukali wa kweli. "Niliona dawa imefika pale hospitali, nikajua kuna kitu kimetoka nyumbani. Nilifikiri umeuza mashini yako ya kushona. Narudi, nasikia mashini inalia. Nikalala nimekasirika siku mbili, si sababu ya moteri. Sababu ulifikiri ningekukatalia." Akainamisha kichwa. "Niambie tu. Walifungua bulo, zile nati zake, na ufunguo, ama walipiga nyundo?"

"Na ufunguo, Baba. Nilisimama nikaangalia."

"Basi vizuri."

Gari halikushuka. Lilibaki na magurudumu matatu, kona ya nne ikiwa gogo, na mzee hakutaka gogo lile liguswe. Jioni Hayat alikitoa kifuko chake mlangoni, akamchagua yule simba wa kwanza, akamrudisha puani pa 404.

Kesho yake asubuhi Sijaona aliiacha cherehani, akachukua ndoo, akaigeuza, akakaa getini kando ya baba yake. Pikapu ya Sylvère ilikata kona ikiwa imejaa mafungu ya ndizi. Alitega sikio kuitafuta ile soupape ya tatu, lakini hakusikia kitu cha ajabu, ni mngurumo tu wa gari linalokwenda sokoni. Mzee akainua mkono. Sijaona naye akainua wake.