Sista Ga

Kwanza ieleweke kwamba hakuna aliyemlazimisha Eufrasia kusoma masta. Alikuwa na miaka arobaini na sita, nesi wa wodi ya watoto kule Bunda kwa miaka kumi na tisa, mume mwalimu wa shule ya msingi, nyumba ipo Mwisenge, Musoma, binti yake Eunice yuko kidato cha tano. Mtu wa namna hiyo akitaka kujitesa anafuga kuku wa kisasa. Yeye akaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya uuguzi wa watoto, akapata, akaenda kulia kwa furaha getini pa chuo kule Mwanza mpaka mlinzi akamuuliza kama amefiwa. Hayo anayasimulia mwenyewe, msinisingizie mimi.

Balaa lilianza siku ya kwanza darasani, wakati wa kujitambulisha. Akasimama, akavuta sketi, akasema: "Naitwa Eufrasia. Nilikuwaga Bunda, nilikuwaga nahudumia watoto."

Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja aliyeitwa Gody, mtoto wa Dar, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi linakata, akasema, "Karibu, Sista Ga!" Jina likaganda hapo hapo. Eufrasia alicheka kuliko wote, kisha akaenda kujifungia chooni dakika kumi.

Hiyo *ga*, kwa asiyeijua, ni kipande tunachobandika mwishoni mwa kitenzi huku kwetu Mara. Mtu akisema anakuja, anakuja leo. Akisema anakujaga, ni kawaida yake kuja; akisema hajagi, si kawaida yake. Vitabu vya shule haviitambui, lakini lugha zetu za nyumbani zinayo, na Eufrasia ni mzaliwa wa Majita, ameinyonya pamoja na maziwa. Sasa, akiwa na miaka arobaini na sita, akaamua kuitapika.

Aliporudi likizo alimwita mumewe. "Baba Eunice, kila nikisema *ga*, wewe kohoa."

Mwalimu Bernado ni mtu mtiifu. Akakohoa. Alikohoa wakati wa chai, akakohoa mezani, akakohoa kwenye jumuiya mkewe alipokuwa akisoma matangazo. Wiki ya pili jirani yao Mama Machage akaja na chupa ya asali na tangawizi, akamvuta Eufrasia pembeni. "Mwenzangu, wewe ni nesi. Huyu mzee humwoni? Mpeleke akapime kifua." Eufrasia akashukuru, akachukua asali. Angesema nini? Kwamba mumewe anaumwa sarufi?

Lakini *ga* ikapungua. Ilipopungua, Eufrasia akavimba kichwa. Akaanza kuwasahihisha watu. Alimsahihisha muuza samaki, alimsahihisha katekista, na siku moja alimsahihisha mama yake mzazi kwenye simu, bibi wa miaka sabini na nane, ambaye alisema, "Haya, dokta," akakata. Akikumbuka hilo hadi leo Eufrasia anajishika uso.

Ukaja utafiti. Alikwenda Butiama, akazungumza na akina mama thelathini na wanane, akiwauliza wanajuaje kwamba mtoto amezidiwa. Aliwarekodi, akaandika maneno yao yote kwenye kompyuta. Alipoyasoma akaona aibu: kila mstari *ga*. Anaharishaga, anachemkaga, analegeaga. Akamwazia Gody akiyasoma kwa sauti. Eunice alikuwa amemfundisha kwamba kompyuta inaweza kutafuta kitu na kukifuta kwa mkupuo. Eufrasia akaandika "ga", akabonyeza, akaenda kulala kama mtu aliyefagia uwanja wote.

Asubuhi akaituma kazi kwa msimamizi wake, Madam Consolata. Jioni simu ikaita.

"Eufrasia, 'chanmoto' ni ugonjwa gani?"

"Chan... nini, Madam?"

"Umeandika wazazi wanakabiliwa na chanmoto nyingi. Ukurasa wa tisa mtoto anapewa uji wa un. Na huyu 'mn wa kienyeji' ndiye nani?"

Kompyuta, masikini, ilifanya ilichoambiwa. Ilifuta kila *ga* iliyoiona, ya changamoto, ya unga, na mganga wa watu ikamfuta mara mbili. Hata Gaudensia, mama mmoja aliyehojiwa, alibaki Udensia. Eufrasia alitumia wiki tatu kuzirudisha zile zilizostahili kurudi. Zile za akina mama aliziacha zimefutika. Aliona heri hasara hiyo imempatia Kiswahili safi.

Halafu akafeli. Mtihani wa mwisho wa wodini ni hivi: unapewa mtoto mgonjwa na mama yake, saa moja, unachukua maelezo, unapima, kisha unasimama mbele ya watahini kueleza. Eufrasia alikuwa na hofu ulimi usiteleze, hivyo kila neno alilipima kabla ya kulitoa. Muda ulipoisha alikuwa hajafika kwenye matibabu. Miaka kumi na tisa ya kuokoa watoto, na mtoto wa mtihani alimwacha hapo hapo, hajampa hata dawa ya homa. Akapewa sapu, yaani kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anadisko. Kudisko kwa wasomi wetu si kucheza muziki. Ni kufunga virago ukarudi nyumbani mikono mitupu, na kwa upande wake ni kurudi Bunda ambako walishamfanyia sherehe ya kumuaga, na keki ilishaliwa.

Sapu ikapangwa Musoma, katika hospitali aliyokuwa akifanyia mazoezi. Asubuhi hiyo Bernado alimsindikiza hadi kwa bodaboda. "Mama Eunice, jikaze," akasema, na kwa mazoea akakohoa.

Mgonjwa wake alikuwa Clever, miezi saba, mgongo umemtoka mifupa, analia. Mama yake aliitwa Rhobi, msichana wa Butiama wa miaka ishirini na kitu, amejifunga kitenge kifuani na kadi ya kliniki mkononi.

"Mtoto anasumbuliwa na nini, mama Clever?"

"Anakohoa, dada. Ameanza juzi. Na kuhema, anahemaga."

"Anahema," akasema Eufrasia. Lilimtoka lenyewe, kama mwalimu.

"Eeh?"

"Siyo anahemaga. Sema anahema."

Rhobi akainamisha macho. "Ndiyo, dada. Anahema."

Kuanzia hapo msichana akawa wa ndiyo na hapana. Ananyonya? Ndiyo. Anaharisha? Hapana. Eufrasia akafurahi, maana majibu mafupi yanaandikika vizuri. Akasikiliza kifua, mtoto akipiga mayowe, akasikia mikwaruzo mapafuni. Akatazama kadi, mstari wa uzito umelala. Ah, lishe duni, na somo la uji analijua kwa moyo. Akaandika: kikohozi na kuhema kwa kasi, siku tatu, nimonia. Akamaliza dakika kumi kabla ya muda. Alitaka kumpigia Gody simu.

Watahini walikuwa wawili, Madam Consolata na Dokta Stanislausi, mgeni kutoka pwani, mpole, kalamu mbili mfukoni. Eufrasia akaeleza bila kukwama hata mara moja. *Ga* hata ya dawa hakuna. Dokta Stanislausi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Madam Consolata akauliza kitu kimoja tu. "Kuhusu kuhema. Mama alisemaje, kwa maneno yake mwenyewe?"

"Mama alisema mtoto ana..."

Maneno yake mwenyewe, ameambiwa. Akafumba macho, akamwona Rhobi na kadi yake, na neno likatoka lilivyoingia.

"Alisema, 'Kuhema, anahemaga.'"

Akalisikia. Safari hii hakulisikia kwa masikio ya darasani, alilisikia kwa masikio ya Majita. Kukohoa, juzi. Kuhema, *anahemaga*. Yaani si juzi. Yaani ndivyo alivyo siku zote. Mtoto wa miezi saba ambaye siku zote anahema, na uzito haupandi! Na yeye, msomi, amempokonya yule mama neno mdomoni kwa sababu lilimtia aibu.

"Hiyo ni namna ya kusema tu ya huku, sivyo?" Dokta Stanislausi akamsaidia. "Endelea na matibabu, Sista. Unakwenda vizuri."

Alikuwa anakwenda vizuri kweli, hilo ndilo lililomuuma. Angeeleza dawa za nimonia, angepita, masta mkononi. Clever angepewa sindano siku tano, angerudishwa Butiama, na wiki ya tatu angerejea, kama angewahi kurejea.

"Naomba nirudi kwa mgonjwa," akasema.

"Unaijua kanuni," Madam Consolata akasema taratibu. "Ukirudi, alama zote za maelezo ya mgonjwa unazipoteza. Na dakika ni kumi tu."

"Naijua, Madam." Sauti ilikuwa inatetemeka, tusifichane. "Lakini nilichoandika hapa ni uongo. Mama hakusema hivi. Nimesema mimi."

Watahini wakatazamana. Madam Consolata akainuka, wakamfuata wodini. Eufrasia hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti sakafuni, akamshika Rhobi mkono.

"Mama Clever, mdogo wangu, nisamehe. Wewe uliongea vizuri, mimi ndo sikusikia. Niambie tena. Huyu mtoto anahemaga?"

Rhobi akamwangalia, akawaangalia wale wakubwa nyuma yake, akamrudia yeye. "Anahemaga, dada. Tangu amezaliwa."

"Na akinyonyaga?"

"Hee, akinyonyaga anachokaga! Ananyonya kidogo, anaachiaga, anapumzikaga, halafu anatokwaga jasho, kichwa chote, mpaka kitambaa kinalowaga. Zahanati wananiambiaga ni nimonia. Nimepewa dawa mara tatu. Mama mkwe anasemaga maziwa yangu mabaya." Machozi yakamtoka. "Hakuna mtu aliniulizaga hivyo."

"Mpe anyonye sasa hivi."

Clever akanyamaza, akanyonya. Paji la uso likaanza kulowa. Katika ule utulivu Eufrasia akaweka kipimo kifuani, na chini ya mikwaruzo ya mapafu akausikia moyo, una sauti ya maji yanayopenya mahali pasipo pake. Akapapasa tumbo: ini limeshuka vidole vitatu. Akabaki amepiga magoti, kipimo masikioni, analia mbele ya watahini wake. Nesi wa miaka kumi na tisa!

"Ni moyo," akasema. "Nimonia ipo, lakini imekuta moyo. Dalili zote za tundu. Anahitaji dawa ya kupunguza maji leo, na kipimo cha eko cha moyo wiki hii, siyo mwezi ujao. Na ningemrudisha nyumbani, Dokta. Nilikuwa namrudisha."

Dokta Stanislausi alichukua kipimo, akasikiliza kwa muda mrefu. Alipoinuka akaitikia kwa kichwa. Alitoa kalamu ya pili, akamgeukia Eufrasia. "Hiyo *ga*," akauliza, "inaungana na kitenzi au inaandikwa peke yake?"

Alipata sitini na moja. Alama ya kufaulu ni sitini. Eufrasia anapenda kusema kwamba amepita mlango wa masta kwa ubavu, na sketi ikanaswa.

Utafiti ilibidi aurudie kusikiliza wote, akina mama thelathini na wanane, akiwarudishia *ga* zao moja moja kwa mkono. Ilimchukua miezi miwili. Alikuwa anasimamisha rekodi na kujizomea mwenyewe, maana mama mmoja baada ya mwingine alikuwa amemweleza wazi ni kipi cha leo na kipi cha siku zote, na yeye alikuwa amewafagia wote pamoja. Gaudensia akapata jina lake kamili. Mama yake mzazi alipigiwa simu ya kuombwa radhi. Alijibu kwamba yeye alishasahauga, akacheka sana.

Siku hizi yuko Bunda, wodi ile ile, na manesi wadogo wakimwita Sista Ga anaitika. Bernado bado anakohoa. Imekuwa tabia, na asali ya Mama Machage bado inaletwa.

Juzi tu alipigiwa simu na namba asiyoijua.

"Dada, ni mimi Rhobi. Mama Clever, wa Butiama." Clever alikuwa ametoka Dar miezi mitatu nyuma, tundu limezibwa, hilo Eufrasia alishaambiwa na hospitali. Lakini hospitali humwambia mtu kuhusu mishono na dawa tu.

"Anaendeleaje?" akauliza, na moyo wake mwenyewe ukasimama kusubiri.

"Dada, ananyonyaga mpaka anasinzia na ziwa mdomoni. Hatokwagi jasho. Nikimshikaga kichwa usiku, kikavu."

Eufrasia alikaa chini kwenye benchi la wodi, akatafuta kalamu, akageuza karatasi ya kwanza aliyoiona, akayaandika yote, herufi kwa herufi, bila kufuta kitu.

"Na kuhema?" akauliza. "Anahemaga?"

"Hahemagi, dada," Rhobi akasema. "Hahemagi tena."