Mutaro mbele ya mulango wangu

Munisamehe kukaa kimya tangu asubuhi. Haya ilinishika.

Niko mufungwa ndani ya nyumba yangu!

Wachimbaji wa bomba mpya za maji walipitisha mutaro mbele ya mulango. Mvua ikaanza, wakakimbia, ubao wa kuvukia wakajifunika nao kichwani. Mutaro ukajaa.

Nikaita: «Papa, nitatoka namna gani na mutoto mugongoni?»

Mukubwa wao akacheka: «Mama, si ulilia maji? Njo haya, yamefika mulangoni!»

Nami nikacheka. Kisha mutoto akaomba maji ya kunywa.

Bidon zangu zote za kuwekea maji niligawia majirani juzi, nikijisifu kwamba robine ya maji inakuja nyumbani.

Basi, jirani zangu wa Alunguli, munitumie leo: ubao murefu, maji safi ya mutoto, na Mama Asha, ile bidon yangu ya manjano.