Kielelezo Hakiingii Guniani

Nakumbuka asubuhi moja pale mtaani Tassia, mwanangu, na hadi leo kuikumbuka kunaniuma. Nilikuwa kijana mwandishi wa programu, mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia. Kliniki moja ya macho ilitumia programu yetu kuwatumia wagonjwa ujumbe wa siku ya upasuaji, na asubuhi hiyo ilikuwa inakwamakwama.

Wewe unaijua kazi hii. Niliisimamisha katikati, nikaangalia vigeu, pale inapoweka majina na tarehe. Chombo chetu cha kusaka makosa kilikuwa na raha yake: ukibofya kigeu, kinakuandikia msimbo wa kuunda upya kilichomo, ukaujaribie kwenye konsoli, dirisha la majaribio la pembeni, bila kugusa kazi ya watu. Wakati ule kigeu kilishika majina kumi tu. Mengine yalikuwa hayajasomwa. Kosa nikalipata upesi. Kisha, kwa hamu ya kwenda kujisifu, nikanakili marekebisho pamoja na yale majina kumi, nikayaweka yote kwenye programu ya kliniki. Haraka haraka haina baraka, tulifunzwa, lakini kijana husikia nini.

Programu ikaacha kusoma orodha, na kwa wiki kadhaa kliniki iliwaita watu wale wale kumi.

Mkubwa wangu kazini, Mzee Mutua, mtoto wa mchongaji vinyago, ndiye aliyegundua. Hakupandisha sauti.

"Baba alikuwa na twiga mmoja wa kielelezo," aliniambia. "Wote aliwachonga akimtazama huyo. Kabla ya kufunga gunia la sokoni, alimtoa kwanza. Wewe umeuza kielelezo, kijana. Sasa enda uulize ni nani hakuitwa."

Nikauliza. Miongoni mwao alikuwa Mama Nduku, jirani yangu wa mlango wa pili, msusi wa vyondo, vile vikapu vya uzi, aliyeniwekea githeri, mahindi na maharagwe, kila niliporudi nimechoka. Alikuwa na presha ya macho. Alipoitwa mwishowe, daktari alimwambia muda wa kuyaokoa macho umepita. Hakukubali. Aliamini watamwita tena.

Sikumwambia kitu. Miaka minne, simu yake ikilia, alinigongea ukuta. "Hebu kuja unisomee, mwanangu. Pengine ni wale watu wa macho." Nilimsomea matangazo, huku vidole vyake vikiupapasa uzi ambao havikuweza tena kuupanga rangi. Kila mara nilijiambia nitamweleza kesho, nikipata maneno mazuri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alipofariki, nililia kuliko wanawe, nao wakanishukuru kwa wema wangu.

Basi sikia, mwanangu. Ulichokitoa kwenye kigeu ni hali ya dakika moja tu. Kijaribu, jifunze nacho, kisha kitoe kabla kazi haijaenda kwa watu. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja miaka minne, na kati yetu palikuwa na ukuta tu.

Mungu akupe macho ya kuliona kosa lako mapema, na miguu ya kukufikisha mlango wa pili.