Mpaka Tuliousafisha

Nilikuwa mlezi wa kikosi cha skauti wasichana katika shule moja ya msingi huko Ibighi, na kila muhula tulifanya kazi moja ya huduma kabla ya sherehe ya ahadi. Kanuni hiyo niliiweka mwenyewe. Niliamini kwamba mtoto hastahili kuvishwa skafu kwa kukariri maneno tu. Mikono yake itangulie kinywa chake. Mwaka ule nilichagua shamba la mjane mmoja, kwenye njia iendayo Kawetele, aliyekuwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa baada ya kuvunjika nyonga. Mvua zilikuwa zimelizidi nguvu shamba lake. Magugu yalifika kiunoni, na migomba ilikuwa imeanza kudhoofika.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa kila jambo. Nilichora ramani ya shamba kwenye karatasi, nikaligawa vipande, nikawapanga wasichana wawili wawili. Agizo nililolitoa baada ya kupuliza filimbi lilikuwa fupi, nami niliuonea fahari ufupi wake: "Kisicho mgomba wala mbuni, kiondoke."

Walifanya kazi kwa vicheko. "We, unapalilia au unasuka nywele?" mmoja alimtania mwenzake aliyekuwa akivuta gugu moja moja. Ilipokaribia saa tano, msichana mmoja, mtoto wa mkulima, mpole na mwingi wa maswali, alinijia kutoka upande wa bondeni. Alikuwa ameinua mmea wenye majani marefu, shina lake lingali na udongo.

"Mwalimu, na haya pia?"

Nilikuwa nikitia alama kwenye vipande vilivyokamilika. "Yote," nilimjibu.

Yalikuwa masale, mimea ambayo marehemu mume wa mjane aliipanda kuonyesha mahali shamba lake lilipoishia na la mdogo wake lilipoanzia. Watoto waling'oa mstari mzima, wakaurundika pamoja na magugu, na mchana tukavimwaga vyote korongoni. Mjane hakuweza kuona nyuma ya nyumba. Alitushukuru kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi. "Ndaga fijo, wanangu, ndaga fijo," alisema, akawaombea waume wema.

Wiki mbili baadaye, shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, alichimba mashimo ya miche ya parachichi hatua kumi na mbili ndani ya migomba ya mjane. Ukanda huo ndio uliokuwa na mikungu mizito, ndio uliomlisha. Mjane alipolalamika, wazee wa usuluhishi wa kitongoji walikutana palepale shambani, wakaniita mimi na msichana yule. Mvua ilikuwa imekwisha kujaza tope kila mahali palipong'olewa kitu. Majirani, ambao wote walikuwa wa ukoo wa shemeji, walisema hawakumbuki.

Mjane aliletwa amebebwa kwenye kiti. Shemeji alizungumza kwa utulivu wa mtu asiye na haraka.

"Mimi sigombani na shemeji yangu. Anionyeshe masale tu, niondoke. Au skauti wamefagia hadi mpaka? Basi Mungu awabariki, maana kazi ni safi kweli!"

Watu kadhaa walicheka. Msichana alisimama wima, akanyoosha mkono. "Yalianzia pale kwenye mgomba ulioinama, yakashuka hadi mferejini. Nilimuinulia mwalimu moja, nikamuuliza. Aliniangalia."

"Una miaka mingapi, mwanangu?" mwenyekiti aliuliza.

"Kumi na mmoja."

"Haya, kaa." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni mtu mzima, tena msomi. Uliyaona masale hayo?"

Sauti ya mtoto niliikumbuka vizuri. Nilikumbuka pia rangi ya kijani kwenye ukingo wa macho yangu. Lakini kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kwamba shahidi hasemi asichokiona, na niliipima kila silaba kabla ya kuitoa.

"Sikuyaona. Nilikuwa nikiandika. Aliniuliza, nami nikamwambia ang'oe yote."

"Alikuuliza habari za masale?"

"Aliuliza, 'Na haya pia?' Jina hakulitaja."

Hakuna sentensi hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya uongo. Wazee walinong'onezana, halafu mwenyekiti akasema kwamba, kwa kuwa hakuna mtu mzima, mbali na wenye kesi, aliyeuona mpaka, mashimo ya parachichi yabaki yalipo. Hakuna aliyeniuliza kama ninamwamini mtoto yule. Ningeweza kulisema hilo bila kuulizwa. Hadi leo sijaweza kuamua kama ulimi wangu uliongozwa na uaminifu au na hofu, maana kukiri kwamba niliyaona kungekuwa kukiri kwamba niliagiza yang'olewe huku nikiyatazama.

Walipokuwa wakimbeba mjane kumrudisha ndani, aliomba kiti kisimamishwe mbele yangu.

"Mwalimu," alisema, bila hasira, "mguu ukipona nitapalilia mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya ahadi. Sikutarajia kumwona msichana yule, lakini alikuja, amepiga pasi sketi yake, akatamka maneno yote bila kukosea, macho yake yakiwa kwenye bendera. Skauti hupeana mkono wa kushoto, na zoezi hilo lilituchukua wiki kadhaa, kwa kuwa mtoto wa kwetu hufundishwa tangu akiwa mdogo kwamba mkono huo hapewi mkubwa. Nilimvisha skafu, nikaulainisha upindo wake mabegani, nikanyoosha mkono wangu wa kushoto.

Alikunja goti kidogo. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama anavyomwamkia mtu mzima yeyote anayekutana naye njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilibadili mkono. "Marahaba," nilimjibu, nikasogea kwa aliyefuata.