Maneno ya Kwanza ya Ampli Yangu

Bandugu, leo nimefukuzwa ku karamu ya arusi juu ampli yangu, mashini ya kukuza sauti, ilifanya kazi muzuri.

Ndiyo. Muzuri!

Mwaka muzima nilikuwa naijenga. Lampe, zile taa ndogo za ndani, nilitoa mu redio ya muzungu mwenye alirudi kwao. Sanduku nilipiga na mbao za kufungia samaki. Leo njo ilikuwa mara yake ya kwanza mbele ya batu, hapa Nchelenge.

Nikamwambia kiongozi wa orkesta yetu: "Shefu, nikiiwasha, ngoja kidogo. Lampe zipate moto kwanza."

Hakungoja.

Aligonga mikro mara mbili. Kimya. Akanigeukia, mikro eko nayo mukononi:

"Imekufa! Afazali. Papa wa bibi arusi ni muchoyo, tajiri muzima wa Chisenga, anatukulisha samaki za kuoza tu!"

Lampe zilipata moto pale pale.

"Samaki za kuoza" ilisikika mpaka ku mitumbwi ya ziwani.

Muzee, papa wa bibi arusi, akaweka sahani chini. Bibi arusi akaanza kulia. Na shefu wetu, bila haya, akaninyooshea kidole: "Ni mashini yake njo inatukana batu!"

Bakamwamini. Bote.

Nimeibeba mpaka nyumbani, ingali moto ku kifua.

Semeni ninyi, kosa ni ya nani?

Maana hakuna hata mutu mumoja aliniambia sauti ilikuwa safi. Na ilikuwa safi, bandugu. Kila neno.